"Dokta, yuniti 75 ni miligramu ngapi?"

Wiki hii nimeulizwa hivyo mara ya tatu. Anayeuliza ameshika kichupa cha FSH, homoni ya kupevusha mayai, na simu imeshafunguliwa kwenye kikokotoo. Funga simu.

Yuniti si uzito. Ni kipimo cha kazi ambayo homoni imeifanya ndani ya mnyama. Kwa FSH njia ni ile ya Steelman na Pohley ya 1953: panya majike wachanga, wa siku 21 hivi, kundi moja linadungwa dawa yako, jingine sampuli rejea ya kimataifa, ambayo yuniti zake zimekwisha kukubaliwa, kwa dozi tofauti. Wote huongezewa hCG, homoni ya mimba inayofanya kazi kama LH, ili LH (homoni nyingine ya uzazi) iliyomo kwenye dawa isivuruge majibu. Saa 72 baada ya sindano ya kwanza, ovari zinatolewa na kuwekwa kwenye mizani. Kinachopimwa kwa uzito hapo ni ovari, jamani, si dawa! Vichupa viwili vyenye protini sawasawa vinaweza kutofautiana nguvu, kwa sababu FSH hubeba minyororo ya sukari, na yenye asidi ya sialiki nyingi (aina ya sukari mwishoni mwa minyororo hiyo) hukawia zaidi kwenye damu.

Najua kuna atakayenionyesha kijikaratasi cha folitropini alfa, FSH ya kutengenezwa maabara: yuniti 75, mikrogramu 5.5. Kweli, hiyo siku hizi hujazwa kwa uzito, maana panya hawatoi jibu lilelile kila mara. Famakopea yenyewe, kitabu cha viwango vya dawa, hukubali makadirio ya panya ya kati ya asilimia 80 na 125 ya nguvu iliyoandikwa. Lakini hesabu hiyo ni ya dawa hiyo tu. Usiihamishie kwenye hMG, dawa ya mkojo yenye FSH na LH pamoja.

Eti yuniti moja ni dozi ya panya mmoja? Zamani zilikuwepo "yuniti za panya", zikaachwa: panya wa maabara hii si wa ile. Ndiyo maana ya sampuli rejea.

Eti yuniti ni yuniti, homoni yoyote? Miligramu moja ya homoni ya ukuaji ni yuniti 3. Linganisha mwenyewe na FSH hapo juu.

Eti kipimo cha kingamwili, kinachonasa homoni bila panya, kinatosha? Kingamwili hutambua umbo. Homoni iliyokwisha kazi inaweza kuhesabiwa nzima.

Mama mmoja aliyeyusha kichupa chake cha 75 kwa mililita moja, akavuta kwa bomba la insulini hadi alama ya 75. Alama zile ni yuniti za insulini, 100 kwa mililita. Robo ya dozi ilibaki kichupani, siku nne mfululizo.