Je, wajua kwa nini Langston Hughes, mshairi mweusi wa Marekani, alizimiwa sauti New York mwaka 1989?

Mwaka 1989 kwenye tamasha la filamu la New York ilionyeshwa filamu fupi, haifiki hata saa moja, nyeusi na nyeupe, inaitwa Looking for Langston, kazi ya Isaac Julien, kijana mweusi wa London ambaye wazazi wake walitoka Saint Lucia. Ikafika mahali anatokea Langston Hughes mwenyewe kwenye picha za zamani anasoma shairi lake, na hapo hapo sauti ikashushwa. Unamwona mtu mdomo unacheza na husikii neno. Ikapita, mbele tena ikatokea vile vile. Na huyu mtu alikuwa marehemu toka 1967, sasa nani anahangaika kumnyamazisha maiti?

Mimi kwa miaka mingi nilikuwa najibu hilo swali bila kusita: serikali ya Marekani, ilichukia filamu ya wanaume weusi wanaopenda wanaume wenzao, ikaizima. Nimewaambia watu wengi tu hivyo na wengine wameenda kuwaambia wenzao. Si kweli. Nilikuwa nachanganya filamu mbili, na nataka nieleze vizuri nilivyochanganya maana nimeona watu kibao wanafanya kosa hilo hilo.

Ya pili inaitwa Tongues Untied, ya Marlon Riggs, mzaliwa wa Fort Worth, Texas. Nayo ni ya 1989. Nayo ni ya mashoga weusi, imejaa mashairi badala ya msimulizi wa kukueleza kila kitu, na zote mbili zina mashairi ya mtu mmoja, Essex Hemphill, kwa hiyo ukizitazama wiki moja zinakuingilia kichwani zinakuwa kitu kimoja. Hii ya Riggs ndiyo iliyopigwa vita na wanasiasa. Ilipopangiwa kuonyeshwa kwenye televisheni ya umma ya PBS, Julai 1991, vituo kadhaa vilikataa kuirusha, kelele kubwa ikiwa dola 5,000 za ruzuku ambazo asili yake ni fungu la sanaa la serikali, na 1992 Pat Buchanan, mwanasiasa aliyekuwa akishindana na rais Bush ndani ya chama kimoja, akachukua vipande vyake akavitia kwenye tangazo la kampeni la kumpiga huyo Bush. Riggs alifariki kwa ukimwi 1994, na 2022 filamu yake ikaingizwa kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa za Maktaba ya Bunge la Marekani, nchi ile ile. Basi mimi nilichukua vita ya Riggs nikamvisha Julien.

Aliyemzima Langston ni hakimiliki. Wasimamizi wa mirathi yake hawakukubali mashairi yatumike kwenye filamu ile, basi.

Sasa hakimiliki hapa inafanyaje kazi? Chukua mambo ya pwani. Mombasa au Unguja si ajabu kiwanja kikawa cha mtu mmoja na minazi iliyomo ndani ikawa ya mtu mwingine kabisa. Wewe mwenye kiwanja unaishi pale, unafagia chini ya mnazi, kivuli chake unakipata bure, ila nazi huangui mpaka mwenye mnazi akuruhusu. Na mwenye mnazi akifa mnazi haufi naye, unarithiwa. Filamu ni kiwanja cha Julien, kila picha aliyoipiga ni yake. Shairi ni mnazi. Anaweza kumtaja Langston, kumwonyesha, kuuliza maswali juu ya maisha yake, hayo yote ni kivuli, maana maisha ya mtu na jina lake havina hakimiliki, na kwa sheria ya kule marehemu hafungui kesi ya kuchafuliwa jina wala ndugu hawamfungulii. Maneno ya shairi ndiyo nazi. Kuna mlango wa kunukuu kidogo kwa ajili ya uhakiki, lakini mpaka ufunguliwe mara nyingi unakuwa umeshapelekwa mahakamani, na tamasha gani linataka hiyo. Kwa hiyo mtu ambaye hakufurahishwa na swali la filamu alikuwa na mpini mmoja tu wa kushika, nao ni mashairi. Hayo ni maoni yangu, ila naona yanakaa sawa.

Swali lenyewe ni kama Langston aliwapenda wanaume. Hapa twende taratibu. Arnold Rampersad, aliyeandika maisha yake kwa majuzuu mawili, alisema hakupata ushahidi wa uhakika, wengine wanamsoma mshairi huyo huyo wanasema iko wazi, na Langston mwenyewe alikuwa msiri mno. Ni mtu aliyefika hadi Makerere, Kampala, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika mwaka 1962, kasafiri dunia nzima na kusimulia safari zake kwenye vitabu, ila mlango wa chumbani hakuufungua kamwe.

Na filamu haidai imempata. Jina lenyewe linasema kumtafuta. Kitu ninachokipenda kupita vyote ni kwamba pale ambapo nyaraka zimenyamaza Julien hakubuni ushahidi, aliweka watu wengine waseme: Bruce Nugent, mwandishi aliyeandika waziwazi juu ya mapenzi ya wanaume huko Harlem, mtaa wa weusi wa New York alioishi Langston, mwaka 1926, afu Hemphill wa miaka ya themanini, afu sauti ya mwandishi Toni Morrison akimlilia mwandishi mwenzake James Baldwin, ambaye filamu imetolewa kwa kumbukumbu yake. Filamu inaanza na jeneza, na aliyelala ndani ni Julien mwenyewe. Na ile klabu ya kwenye filamu, wanaume wenye suti nyeusi wakicheza dansi, ambayo mimi niliamini kabisa ni Harlem ya kweli, ilipigwa London, na ukitega sikio muziki unaanza wa kizamani unakuja kuishia kwenye "house", muziki wa disko wa miaka ya themanini, watu ni wale wale, hawajatoka ukumbini.

Mwishoni mwa filamu wahuni wanakuja na marungu, polisi nao wanafika, wanavunja mlango wa klabu wanaingia kwa nguvu. Ndani hakuna mtu.