Ujumbe wa pili ndio uliochelewa

Mtu akiniambia mfumo wake hujibu kwa wastani wa milisekunde mbili, bado hajaniambia ninachotaka kujua. Katika mifumo ya wakati halisi, yaani ile ambayo jibu likichelewa ni kosa, hasa ile yenye kompyuta nyingi zinazotegemeana, ninachouliza ni hiki: siku mambo yakibana kuliko siku zote, ujumbe utachelewa kiasi gani?

Chukua gari. Kompyuta za injini, gia na breki huzungumza kupitia CAN, mtandao uliobuniwa na Bosch ya Ujerumani na kutangazwa mwaka 1986. Kila ujumbe una namba, na namba ndogo ndiyo hupita kwanza. Lakini ujumbe ukishaanza kupita haukatizwi. Hata wenye haraka kubwa husubiri. Shika hilo.

Mwaka 1994 Ken Tindell na wenzake wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitoa hesabu ya kukadiria kungoja huko kwa hali mbaya kabisa. Ni kazi ninayoiheshimu sana, na sekta ya magari iliipokea. Ila ilikuwa na tundu, na marekebisho kamili ya watafiti Davis, Burns, Bril na Lukkien yalichapishwa mwaka 2007.

Fuata mfano wao kwa kalamu. Kuna jumbe tatu, A, B na C, kwa mpangilio huo wa kipaumbele, na kila mmoja huchukua milisekunde 1 kupita. A hutumwa kila milisekunde 2.5, B na C kila 3.5, na C lazima imalize kupita ndani ya 3.25 tangu itokee. Zote zikianza pamoja, A inamaliza kwenye 1, B kwenye 2, C kwenye 3. C imewahi, na hesabu ya zamani iliishia hapo.

Endelea. A ya pili ilikwishafika kwenye 2.5, ikangoja C imalize, ikapita kuanzia 3 hadi 4. Katikati yake, kwenye 3.5, zimefika B na C za pili. B inapita hadi 5. Papo hapo A ya tatu inatokea, inapita hadi 6. C inamaliza kwenye 7: imechukua milisekunde 3.5. Imechelewa, kwa sababu C ya kwanza ilimsukuma A mbele, na deni hilo likamwangukia C ya pili.

Ndiyo maana ni lazima kukagua kila nakala ya ujumbe mpaka waya upumzike, si ya kwanza tu. Majaribio ya barabarani peke yake hayanitoshi. Kila kompyuta ina saa yake, na saa hizo huachana polepole. Gari linaweza kwenda muda mrefu sana kabla jumbe hizi tatu hazijaanza kwa pamoja. Hesabu hailazimiki kungoja siku hiyo.