Maji yaliyoonekana na maji yaliyomo tangini

Kila inapotangazwa kwamba barafu imegunduliwa Mwezini au kwenye sayari ya Mirihi, swali la kwanza ninaloulizwa ni kama huko kuna uhai. Ni swali zuri. Lakini kwetu sisi tunaoshughulika na mitambo inayowaweka wanaanga hai, linatanguliwa na jingine: siku kitu kitakapoharibika, je, maji hayo yatakuwa karibu na mtu anayeyahitaji, nayo yatakuwa safi?

Ajali ya Apollo 13, chombo cha Marekani kilichokuwa kikiwapeleka wanaanga watatu Mwezini, husimuliwa zaidi kama kisa cha oksijeni, ilhali mimi huifundisha kama kisa cha maji. Tarehe 13 Aprili 1970, chombo kikiwa umbali wa kilomita zipatazo 320,000 kutoka Duniani, tangi namba 2 la oksijeni lilipasuka na kuliharibu na mwenzake. Chanzo kilikuwamo tangu kabla ya safari: swichi za kuzima kipasha joto cha tangi zilitengenezwa kwa umeme wa volti 28, lakini wakati wa matayarisho zilipitishiwa volti 65, zikagandamana, na kipasha joto kikawaka kwa saa nyingi hadi kikaunguza ganda la nyaya za ndani. Oksijeni ile haikuwa ya kuvuta pumzi tu. Iliunganishwa na haidrojeni kuzalisha umeme, na kilichotokana na muungano huo ndicho kilichokuwa maji ya kunywa, kwa hiyo wanaanga hao, Jim Lovell, Jack Swigert na Fred Haise, walipokonywa hewa, umeme na maji kwa mpigo mmoja.

Wakahamia katika chombo cha kutulia Mwezini, Aquarius, jina ambalo katika nyota zetu za falaki ni Ndoo. Kilitayarishiwa watu wawili kwa muda wa siku mbili hivi. Sasa kikalazimika kuwahifadhi watatu kwa takriban siku nne. Tatizo ni kwamba maji yake yalitumika pia kupooza mitambo, kwa kuachwa yageuke mvuke na kupotelea angani, na mitambo ikizidiwa na joto hakuna cha kuwarudisha nyumbani. Basi mitambo ikanywa kwanza. Kila mmoja wao akajiwekea kiasi cha mililita 200 kwa siku, yaani chini ya glasi moja. Haise akapata maambukizi ya njia ya mkojo, na waliposhuka katika Bahari ya Pasifiki tarehe 17 Aprili, uzito wao kwa jumla ulikuwa umepungua kilo 14. Maji yaliyosalia hayakufika kilo 13.

Maji yenyewe nayo yanaweza kuua. Tarehe 16 Julai 2013, Luca Parmitano wa Italia alikuwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga wakati maji ya kupoozea vazi lake yalipoanza kujaa ndani ya kofia, yakamfunika macho na pua. Mahali pasipo na uzito maji hayatiririki chini, bali hung'ang'ania uso. Uchunguzi ulionyesha kwamba uchafu ulikuwa umeziba vitundu vidogo vya kifaa kinachotenganisha maji na hewa. Wiki moja kabla, maji yalikuwa yameonekana katika kofia hiyo hiyo, na ikadhaniwa kuwa ni mfuko wa kinywaji uliovuja. Dhana ile ndiyo inayonisumbua kuliko uchafu wenyewe.

Sasa turudi Mirihi. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilichimba udongo karibu na ncha ya kaskazini, kikafukua vibonge vyeupe ambavyo baada ya siku chache vilitoweka, kwa kuwa barafu ilikuwa imegeuka mvuke moja kwa moja. Baadaye kipimo chake kikathibitisha kwamba ni maji. Chombo hicho hicho kilikuta katika udongo chumvi ziitwazo pakloreti, ambazo zikiingia mwilini huizuia tezi ya shingoni kupata madini ya joto. Maji yapo, lakini yamegandamana na vumbi na chumvi yenye madhara, na mtambo wa kuyasafisha utahitaji kufanya kazi miaka mingi bila fundi wala vipuri vya kuagizwa. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, mwaka 2023 ilitangazwa kwamba asilimia 98 ya maji sasa hurejeshwa, jasho na mkojo vikiwemo, na hayo ni mafanikio makubwa. Lakini pale mtambo ukikwama, vipuri huletwa na chombo cha mizigo, na mgonjwa anaweza kuwa Duniani katika saa chache. Kutoka Mirihi safari huchukua miezi kama saba, tena baada ya kusubiri sayari zikae sawa.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba barafu iliyoonekana na setilaiti isihesabiwe katika akiba ya wanaanga hata tone moja. Mitambo itangulie peke yake, ichimbe, isafishe, ijaze tangi, na maji yapimwe mara kwa mara kabla mtu yeyote hajaondoka. Fursa ya kurusha chombo kuelekea Mirihi hujirudia kila baada ya miezi ipatayo 26, kwa hiyo utaratibu huu utaichelewesha safari ya kwanza ya binadamu kwa zaidi ya miaka miwili, na pengine mara mbili ya hapo iwapo mtambo wa kwanza utaziba. Mimi ningeikubali miaka hiyo.