Ritifaa ya Ng'wanza

Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alinijia na simu mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwanangu, nataka tovuti. Jina liwe Ng'wanza, yaani Mwanza kwa Kisukuma chenyewe, na kile kimkato chake cha juu."

"Mama, hicho kimkato ndicho kitakachotukesha."

Ritifaa tunayoiona moja, kwa kompyuta ni tatu. Ile ya kibodi ya kawaida ni U+0027, namba yake katika Unicode, orodha ya herufi za kompyuta. Simu nyingi huipinda zenyewe ikawa U+2019. Ya tatu, U+02BC, inahesabiwa kuwa herufi kamili, ingawa kwa macho huwezi kuitofautisha na ya pili. Kanuni za IDNA za mwaka 2010, zinazosema herufi zipi zisizo za kawaida ziruhusiwe kwenye majina ya tovuti, zinazikataa mbili za kwanza. Ya tatu inapita, mradi sajili, yaani taasisi inayosimamia majina ya kikoa (anwani za tovuti) unakosajili, iiruhusu.

Hata ikipita, DNS, mfumo wa mtandao unaotafuta tovuti kwa jina lake, haiibebi hivyo hivyo. Punycode, njia ya kuandika herufi kama hiyo kwa herufi za kawaida, huigeuza ng'wanza kuwa xn--ngwanza-2zd, na mteja akiandika ngwanza bila ritifaa anaangukia kikoa kingine kabisa, pengine cha mtu mwingine.

Watu hudhani DNS itajiongeza. Haijiongezi. Tangu 1987 usawa inaoujua ni wa herufi kubwa na ndogo za a hadi z: MWANZA na mwanza ni jina moja, basi. Mengine yote huamuliwa na sajili, kwa kuwasikiliza wasomaji wa maandishi husika. Kwa Wachina, 国 na 國 ni neno lile lile, "nchi", kwa maumbo mawili. Ndiyo maana mwaka 2010 vikoa vya China, .中国 na .中國, viliingizwa vyote viwili chini ya sajili moja. Kwenye herufi za Kiarabu kuna kafu mbili, ك na ک. Zikiwa mwanzoni au katikati ya neno ni pacha watupu, na wazee wa Pwani walioandika tenzi kwa herufi hizo wangezisoma zote "k" bila kusita.

Sajili inaweza kumpa mwenye jina pacha wake pia, au kumfungia pacha huyo asichukuliwe na yeyote. Mimi napendelea kufunga. Ukipewa yote mawili, kazi ndiyo kwanza inaanza: rekodi ya DNAME, ile ya DNS inayoelekeza majina kwenye mengine, huelekeza yaliyo chini ya jina, si jina lenyewe, seva ya wavuti iyajue yote, cheti cha usalama cha tovuti kiyataje yote, barua pepe zipokelewe kwa yote. Niliwahi kusahau jina la pili kwenye cheti cha mteja wa sangara, na kwa siku mbili nusu ya wageni wake walikuwa wanatishwa na onyo la kivinjari.

Basi tukasajili bila ritifaa, nami nikaandika Ng'wanza kwa herufi kubwa juu ya ukurasa, na kimkato chake. Mama akautazama, akafurahi, kisha akaweka kidole kwenye anwani.

"Na hapa je, mbona hamna?"