Je, wajua kwa nini msumeno wa mnyororo uliolala miaka hugoma kuwaka?

Msumeno uliingia stoo ukiwa mzima. Haukuanguka, haukunyeshewa. Baada ya miaka mitatu au minne unautoa, unavuta kamba mpaka bega linauma, na injini haitoi hata kikohozi. Wengi hukimbilia kununua plagi mpya, na bado kimya. Mara nyingi plagi haina kosa lolote. Kilichoharibika ni petroli iliyoachwa ndani.

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyoiwezesha injini baridi kushika moto, na ndivyo vinavyogeuka mvuke na kutoroka kwanza. Vinavyobaki huungana taratibu na oksijeni ya hewa na kuacha utomvu wa kahawia unaonata. Kama petroli ilikuwa na ethanoli, kuna balaa jingine: ethanoli hunyonya unyevu, na maji yakizidi, yanajitenga pamoja nayo na kutuama chini ya tangi, pale pale filta ya mafuta inapofyonza. Fungua kifuniko unuse. Petroli nzima huchoma pua; iliyochacha ina harufu nzito, iliyovunda, na rangi yake imekolea.

Utomvu huo huishia kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ya msumeno haina bakuli lenye boya kama ya pikipiki, kwa sababu msumeno hutumika ukiwa umelala ubavu, pengine hata kichwa chini. Kazi ya boya hufanywa na tando mbili nyembamba. Mmoja unatikiswa na mapigo ya hewa kutoka chini ya pistoni na kusukuma mafuta kama pampu. Mwingine unafungua na kufunga sindano inayoruhusu mafuta kupita. Kati yao kuna kichujio cha wavu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Wavu huo ukiziba, sindano ikiganda au utando ukikakamaa, mafuta hayafiki. Mpira wa mafuta ulio ndani ya tangi nao huchakaa: ukunje kwa vidole, na kama umezeeka utaona nyufa zikifunguka.

Hata hivyo, mimi nasema afadhali msumeno ugome kabisa kuliko uwake ukiwa katika hali hiyo. Injini hii ya mipigo miwili haina oili yake ya pembeni kama ya gari. Oili yote inayolainisha pistoni na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, huingia ikiwa imechanganywa na petroli, na kwa misumeno mingi ya sasa ni mililita 20 kwa kila lita, yaani moja kwa 50. Kabureta ikiziba nusu, au mpira wenye ufa ukivuta hewa, injini hupata petroli kidogo na oili kidogo kwa wakati mmoja. Joto linapanda. Sauti inakuwa kali na nyembamba, na asiyejua hufurahi akidhani msumeno umerudi na nguvu mpya. Pistoni ya alumini inatanuka, inakwaruza silinda, injini inanoki, yaani inakwama. Hapo hakuna tena habari ya kusafisha kabureta, maana silinda na pistoni mpya zinaweza kukaribia bei ya msumeno wenyewe.

Ndiyo maana kamba isivutwe kwanza. Mwaga mafuta yote ya zamani. Chomoa plagi, dondoshea matone machache ya oili ya mipigo miwili kwenye tundu lake, kisha vuta kamba polepole ukisikiliza kama pistoni inapanda na kushuka bila kukwama. Ikikataa, usiilazimishe, iache oili ipenye kwenye kutu. Fungua kifuniko cha stata uangalie mapezi ya kupoozea silinda, na umulike ndani ya eksozi pia. Nyigu na panya hupenda sana maficho hayo, na kiota kimoja kinatosha kuzuia hewa ya kupoozea injini. Kisha badilisha mpira wa mafuta na filta yake, safisha filta ya hewa, fungua kabureta na uweke tando mpya. Tando hizo huuzwa kama seti, na kuzibadilisha ni rahisi kuliko kubahatisha na zile kavu. Plagi isafishe, mwanya wake uwe karibu nusu milimita. Mwisho weka mchanganyiko mpya. Soma kitabu cha msumeno wako, kwa kuwa baadhi ya misumeno ya zamani huhitaji mililita 40 kwa lita.

Kuwasha kufanyike msumeno ukiwa chini, breki ya mnyororo imefungwa, ncha ya buti ndani ya mpini wa nyuma na mkono wa kushoto umekandamiza mpini wa mbele. Usiwashe ukiwa umeuning'iniza mkononi. Vuta choki, kile kizuizi cha hewa kwenye kabureta, kisha vuta kamba mpaka injini ikohoe mara moja, kisha rudisha choki. Ukiendelea kuvuta na choki yote, petroli itafurika na plagi italowa. Ichomoe, ikaushe, vuta kamba mara kadhaa tundu likiwa wazi.

Ikishawaka, iache ipate joto, kisha sikiliza. Mzunguko ukipanda wenyewe bila kuguswa ekseleta, kuna hewa inayopenya mahali, aghalabu kwenye sili za krenki zilizokauka: zima papo hapo. Swichi ikigoma, vuta choki yote na injini itazimika. Kisha fungua breki ya mnyororo. Mnyororo usizunguke hata kidogo ukiachia ekseleta. Elekeza ncha ya baa, ule upanga unaobeba mnyororo, juu ya kipande cha ubao mweupe bila kuugusa na ukandamize ekseleta. Mstari wa oili ukijichora, tundu la kulainishia mnyororo liko wazi. Usipojichora, zima, toa baa ukwangue tundu hilo, maana mnyororo mkavu huungua. Halafu, mnyororo ukiwa unazunguka, sukuma kinga ya mkono mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto. Mnyororo usiposimama hapo hapo, msumeno huo haujawa tayari kugusa mti.