Idadi ya Nukuu za Mtafiti wa Tiba Isomwe kwa Uangalifu

Kurugenzi yetu ya utafiti na machapisho imekuwa ikipokea barua na simu nyingi kuliko kawaida kuhusu takwimu za wanasayansi wa tiba, hasa tangu Serikali ianze kuwatuza fedha watafiti wanaochapisha katika majarida yenye hadhi ya juu. Swali linalojirudia ni kwa nini mtafiti anayetangazwa kuwa amenukuliwa mara elfu tano anaonekana penginepo akiwa na nukuu pungufu karibu kwa nusu, na baadhi ya waulizaji huwa wamekwisha kuamua kuwa ameghushi. Tunaomba hukumu hiyo isitangulie uchunguzi. Google Scholar huhesabu karibu kila andiko la kitaaluma inalolikuta mtandaoni, zikiwamo tasnifu na ripoti, ilhali hifadhidata za Scopus na Web of Science huhesabu kutoka katika machapisho yaliyochujwa, kila moja kwa vigezo vyake. Mtu ni yuleyule na kazi ni zilezile, lakini hesabu zitakuwa tatu, na zote zinaweza kuwa sahihi.

Kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, nacho kinatumiwa vibaya. Mwenye h ya 20 ana makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja, basi. Kwa kuwa nukuu hulimbikizwa mwaka hadi mwaka, hata aliyestaafu anaweza kuendelea kupanda, na kwa hiyo kumlinganisha na daktari aliyemaliza uzamivu juzi, au kumlinganisha mtaalamu wa kinga ya mwili na mtaalamu wa hisabati, ambao fani zao hazinukuu kwa wingi sawa, ni kazi bure.

Wala kunukuliwa si kusifiwa. Makala inayotajwa kuwa imenukuliwa kuliko zote duniani, ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, haikutangaza dawa wala chanzo cha ugonjwa. Ilieleza namna ya kupima kiasi cha protini, na maabara zilizotumia njia hiyo ziliitaja, hadi nukuu zikapita 300,000. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilibatilishwa na jarida la Lancet mwaka 2010, lakini imeendelea kunukuliwa, mara nyingi na wanaoikanusha. Kwa upande wa pili yupo Tu Youyou wa China, ambaye kazi yake ya miaka ya 1970 ilizaa artemisinini, chimbuko la dawa mseto ya malaria tunayoifahamu sote. Ripoti ya mwaka 1977 iliyoitangaza dawa hiyo ilitoka bila majina ya watafiti. Kwa mizani ya nukuu binafsi ripoti hiyo isingempa kitu, na bado mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel akiwa hana shahada ya uzamivu.

Jambo jingine tumelieleza mara nyingi, na inaelekea halijasikika: kiwango cha athari ni cha jarida, si cha mwandishi. Kwa mwaka 2024, kwa mfano, huchukuliwa nukuu za mwaka huo zilizoelekezwa kwa makala za 2022 na 2023, zikagawanywa kwa idadi ya makala hizo. Azimio la San Francisco la mwaka 2013 kuhusu tathmini ya utafiti lilikwisha kuonya kuwa wastani huo usitumiwe kumpima mtafiti mmoja mmoja. Na jarida kujiita la kimataifa hakuthibitishi lolote.

Kwa wanaoomba kupandishwa cheo, utaratibu ni huu. Mwombaji awasilishe namba yake ya ORCID, yaani kitambulisho cha kimataifa cha mtafiti, yenye tarakimu 16, pamoja na orodha kamili ya machapisho iliyoondolewa kazi za watu wenye jina kama lake, kosa linalotokea mno kwa majina yetu ya kawaida. Nukuu alizojinukuu mwenyewe zitenganishwe. Penye waandishi wengi aeleze mchango wake katika utafiti, katika uandishi, katika kuidhinisha nakala ya mwisho na katika kuwajibika kwa kazi nzima. Kuchangia sampuli au fedha peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Kwa tafiti za afya za Tanzania Bara aambatishe kibali cha maadili na kibali cha kuchapisha cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Orodha isainiwe na mkuu wa idara. Picha ya skrini ya simu haipokelewi, na tunaomba isiletwe tena.

Makala iliyobatilishwa huondolewa kwenye hesabu hata kama mwombaji hakuhusika na kosa. Waliochapisha katika majarida ya mchapishaji Hindawi, ambako makala zaidi ya 8,000 zilibatilishwa mwaka 2023, wahakiki orodha zao mapema. Aliyenunua nafasi ya uandishi, au aliyepanga na wenzake kunukuliana ili kupandisha hesabu, ombi lake husitishwa, suala hupelekwa kwenye kamati ya nidhamu, na jarida husika huarifiwa kwa maandishi.

Kurugenzi haina mamlaka ya kumtangaza yeyote kuwa mdanganyifu kabla ya kamati kukaa, na haitoi orodha ya nani amemzidi nani. Mwenye malalamiko aandike kwa jina lake, ataje makala anayoitilia shaka, jarida, mwaka na sehemu yenyewe anayoona ina dosari. Malalamiko yanayotaja jumla ya nukuu za mtu peke yake hayatafunguliwa jalada.