Kipande kimetoka kwenye moldi kimetulia, ndani je?

Wengi tunaamini kipande cha nyuzi za kaboni na epoksi (gundi ya plastiki inayogandishwa kwa joto) kisichobeba mzigo hakina mkazo ndani, na kikipinda basi fundi kakosea. Inaeleweka, kwa macho kimetulia tu. Ila epoksi husinyaa ikiganda, halafu ikipoa kutoka labda nyuzijoto 180 inataka kusinyaa tena sana, wakati nyuzi za kaboni kwa urefu wake karibu hazisinyai kabisa, sasa hapo zinavutana na mkazo unabaki humohumo. Ndo maana modeli ya kukadiria mkazo huo ikihesabu kupoa peke yake, bila kule kusinyaa kwa kuganda, haitoshi. Jaribu mwenyewe: bandika leya mbili nyembamba za nyuzi hizo zenye epoksi, nyuzi za moja zielekee urefu nyingine upana, gandisha kwa joto juu ya bamba bapa, itatoka imepinda, na ukiipasha tena inaanza kunyooka.